Mwajiri bora ajulikane kwa afya ya wafanyakazi wake

KILA mwaka barani Ulaya, kampuni nyingi huingizwa katika orodha za waajiri bora. Wakuu wao hupigwa picha wakiinua vyeti, na matangazo ya nafasi za kazi hupambwa kwa nembo ya ushindi. Si vibaya kumsifu anayewatunza watu wake. Lakini ukurasa wa afya hauna budi kuuliza: Je, mshindi amepimwa kwa kipimo gani?

Mtindo huu ulipata nguvu Marekani mnamo 1984, wakati wanahabari Robert Levering na Milton Moskowitz walipochapisha kitabu kuhusu kampuni 100 zilizo bora kufanyia kazi nchini mwao. Baadaye ulivuka hadi Ulaya. Taasisi ya Great Place to Work, iliyotokana na kazi ya Levering, huwauliza wafanyakazi wenyewe kama wanawaamini wakubwa wao. Top Employers Institute, iliyoanza Uholanzi mnamo 1991, hutazama zaidi sera na taratibu za idara inayosimamia wafanyakazi. Katika zote mbili, kampuni inayotaka kutambuliwa hulipa ada.

Hapo ndipo shaka inapoingia. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kampuni ambayo watu wake wanaumia haina haja ya kulipa ili ipimwe. Na inayolipa huweza kuwa na sera safi kwenye karatasi, huku karani wake akikosa usingizi.

Ubora wa mahali pa kazi si suala la chai ya bure na viti laini. Kuanzia 1967, watafiti walifuatilia afya ya wanaume wapatao 18,000 waliokuwa watumishi wa serikali jijini London. Hawa hawakuwa wachimba migodi; walikuwa watu wa ofisini wenye mishahara ya uhakika. Hata hivyo, wa vyeo vya chini walikufa kwa maradhi ya moyo kwa wingi kuliko wakubwa wao, na uvutaji sigara na shinikizo la damu havikutosha kueleza tofauti hiyo. Utafiti wa pili, ulioanza 1985 chini ya Profesa Michael Marmot na kuhusisha wanawake pia, ulionyesha kwamba mtu asiye na usemi juu ya kazi yake yumo katika hatari zaidi ya kuugua moyo.

Isitoshe, mnamo 2021 Shirika la Afya Duniani (WHO) na Shirika la Kazi Duniani (ILO) yalikadiria kuwa kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kulisababisha vifo 745,000 ulimwenguni katika mwaka wa 2016, kutokana na kiharusi na maradhi ya moyo.

Anayedhani haya hayawezi kutokea katika kampuni kubwa na akumbuke France Télécom. Kati ya 2006 na 2008, wakuu wa kampuni hiyo ya simu ya Ufaransa walitaka watu 22,000 waondoke. Wengine walihamishwa ovyo, wengine wakapewa kazi wasizozijua. Korti ya Paris ilichunguza visa vya wafanyakazi 39; kati yao 19 walijitoa uhai. Mnamo Desemba 2019, aliyekuwa mkuu wa kampuni, Didier Lombard, alipatikana na hatia ya kuwanyanyasa wafanyakazi, na kampuni ikatozwa faini ya euro 75,000. Waliopaza sauti mapema walikuwa vyama vya wafanyakazi na mkaguzi wa kazi wa serikali. Hao ndio wanaopaswa kusikizwa na majaji wa tuzo.

Kipimo bora kipo huko huko Ulaya. Sheria ya Muungano wa Ulaya ya 1989 inamtaka mwajiri achunguze hatari zilizopo na kuzizuia, na kazi ilinganishwe na mtu anayeifanya. Shirika la muungano huo la usalama na afya kazini, lenye makao Bilbao, Uhispania, hutoa tuzo zake kwa kampuni zinazoonyesha tatizo halisi lililotatuliwa, wafanyakazi wakishirikishwa. Mnamo 2014 na 2015, kampeni yake ilihusu msongo wa mawazo kazini.

Wapo watakaosema kuwa hata cheti chenye kasoro humsukuma mwajiri ajirekebishe. Ni kweli, mradi aulizwe maswali yanayouma. Wafanyakazi wangapi waliugua kwa sababu ya kazi? Wanafanya saa ngapi? Je, mfagiaji na bawabu walioletwa na kampuni nyingine waliulizwa maoni yao? Na mwajiri anayepatikana na kosa la kuwadhuru watu wake apokonywe cheti hadharani.

Nawe msomaji, ukienda kuomba kazi katika tawi la kampuni ya Ulaya hapa Nairobi na kuona cheti kimetundikwa ukutani, usiridhike na nembo. Uliza kilitolewa katika nchi gani, na ni nani aliyeulizwa. Kisha mtafute mfanyakazi wa cheo cha chini, umuulize anaondoka kazini saa ngapi na kama anapata usingizi. Jibu lake ndilo cheti cha kuamini.