Mambo ya Nyumbani: Kaptura ya Baiskeli kwa Anayeanza

Mwezi wa Septemba 2025 mji wa Kigali ulipokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza mashindano hayo kufanyika katika bara la Afrika. Mtu aliyewatazama washindani wakipanda vilima vile aweza kudhani kwamba kaptura zao za kubana ni mapambo tu. La, sivyo. Zina kazi yake. Hata hivyo, askari wa Uganda aendaye zamu kwa baiskeli, au mama atokaye kambini kwenda sokoni, hahitaji mavazi yote ya mshindani. Yampasa ajue kipi anunue na kipi akiache, ili mshahara usipotee bure, wala baiskeli isiishie kutundikwa ukutani kwa sababu ya vidonda.

Chanzo cha vidonda hivyo ni rahisi kukielewa. Mtu akikaa juu ya kiti cha baiskeli, sehemu kubwa ya uzito wake hubebwa na mifupa miwili ya makalio. Wakati huo huo mapaja hayatulii. Mguu ukizungusha pedeli mara 60 kwa dakika, katika saa moja paja limepita kando ya kiti mara 3,600. Mshono mmoja mnene ukiwa hapo, pamoja na jasho, ngozi huchubuka. Ndiyo maana suruali ya jinzi haifai kwa safari ndefu, kwa kuwa mishono yake minene hukutana mahali pale pale mtu anapokalia. Chupi ya pamba nayo hunywa jasho na kulishika, na ukingo wake hukata ngozi kama kamba.

Kaptura ya baiskeli ilibuniwa kuondoa taabu hiyo. Zamani ilifumwa kwa sufu, na ndani yake ilishonwa ngozi laini ya mbuzi-mwitu wa milima ya Ulaya. Ngozi hiyo ilikakamaa kila ilipofuliwa, ikabidi ipakwe mafuta. Siku hizi hutumika kitambaa chepesi kinachovutika, na badala ya ngozi huwekwa mto mwembamba unaokauka upesi. Kaptura hii huvaliwa bila chupi. Jambo hilo huwashangaza wengi wanaoanza, lakini avaaye chupi ndani yake amerudisha mishono ile ile aliyolipa fedha ili aiepuke.

Kabla ya kununua chochote, mwenye baiskeli na apime kiti chake, kwani hilo halina gharama. Aketi, aweke kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Kiti kikiwa juu mno, nyonga huyumba huku na huko, na hata kaptura ya bei kubwa haitamwokoa mtu na michubuko.

Afikapo dukani, asijipime akiwa amesimama wima kama yu gwarideni. Ainame mbele kama aliyeshika usukani, ndipo aone kama mto umekaa chini ya mifupa ya makalio. Mto mnene na laini sana si lazima uwe bora. Mtu huzama ndani yake, nyama laini zikabanwa, na joto likazidi. Mishono iwe bapa. Miguu ya kaptura ishike mapaja bila kuacha alama nyekundu. Wanawake watafute ile yenye mto mpana zaidi nyuma, kwa sababu aghalabu mifupa yao ya makalio imeachana zaidi. Kaptura zenye mikanda ya mabegani ni nzuri, lakini bei yake huwa juu zaidi na huleta usumbufu chooni. Anayeanza aweza kuziacha.

Wenye fedha chache hawakosi njia. Katika masoko ya mitumba, kama lile la Owino mjini Kampala, kaptura hizi huonekana mara kwa mara. Wahenga walisema kizuri chajiuza, lakini hapa rangi isimdanganye mtu. Aigeuze ndani nje na kuiinua kwenye mwanga. Kitambaa kikionyesha upande wa pili mahali pa kukalia, kimekwisha. Aivute na kuiachia, isiporudi, aiache. Aubonyeze mto kwa kidole gumba. Ukiwa mgumu au umepasuka, hata kwa bei ya bure ni hasara. Asiyepata kabisa aweza kuanza na kaptura ya michezo ya kubana, isiyo na mshono mnene katikati.

Anayeona haya kutembea na vazi la kubana mbele ya wakwe na majirani, avae kaptura pana au suruali nyepesi juu yake. Mama aweza kuivaa ndani ya sketi isiyo pana sana. Gomesi na leso hazifai, kwani huingia katika mnyororo na kumwangusha. Kwa sababu hiyo hiyo, mguu wa kulia wa suruali ufungwe kwa mpira au kibanio.

Vitu vingine aghalabu vimo nyumbani. Shati lenye rangi nyeupe au ya manjano humfanya aonekane jioni, na viatu vya soli ngumu hupita ndala. Lakini sare kuukuu ya jeshi isikatwe na kushonwa kaptura ya kijana wa nyumbani, kwa maana sheria ya Uganda hairuhusu raia kuvaa mavazi ya jeshi. Kofia ngumu nayo isinunuliwe mtumba, kwa kuwa ufa wa ajali ya zamani huweza kujificha ndani.

Mwisho ni usafi, na hapo ndipo wengi hushindwa. Kaptura ivuliwe mara tu safari imalizikapo, na ifuliwe kila ivaliwapo. Mto wake hukawia kukauka kuliko nguo nyingine, na nguo yenye unyevu huvutia nzi wa maembe, atagaye mayai ambayo funza wake huingia katika ngozi. Nguo za pamba huokolewa kwa pasi ya moto, lakini kitambaa hiki huharibiwa na pasi. Kwa hiyo ianikwe ndani ya nyumba penye hewa, mbali na nzi, mpaka mto ukauke kabisa. Ngozi ikichubuka, mtu apumzike siku chache, aoshe kwa maji na sabuni. Akiona usaha au homa, aende kituo cha afya.

Kwa koplo aliyehamishiwa kituo kilicho kilomita 10 na nyumbani, hesabu ni hii: kaptura mbili za bei ya kadiri, moja mwilini na nyingine ikikauka, ni bora kuliko moja ya fahari inayovaliwa chafu siku tatu mfululizo. Kofia ngumu ifuate. Shati la mashindano lingoje, na nauli aliyoiokoa iende kwenye karo ya watoto.