Kompyuta Isihukumiwe Kabla ya Kubadilishwa Sura

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilikomesha marekebisho ya kawaida ya bure ya mfumo wake wa Windows 10. Mfumo ulioufuata, Windows 11, huzikataa kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2018, hata kama kioo ni kizima na vibonye vyote vingali vinaitika. Kwa kauli moja iliyotolewa ng'ambo, mashine zilizonunuliwa kwa jasho la walipa kodi zimeitwa mikweche. Swali linalowakabili watumishi wa umma na walimu wa mji wa Babati, sawa na wenzao kwingineko nchini, ni kama hukumu hiyo ipokelewe bila ya kuhojiwa.

Haifai ipokelewe hivyo. Upo mfumo wa Linux, ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, ambao hupatikana bure na kugawanywa bila ya kuvunja sheria. Wapo waliokwisha kuujaribu, kisha wakauacha wakidai kwamba nao ni mzito vilevile. Wengi wa hao, kwa hakika, hawakuukataa Linux. Waliukataa uso wake.

Jambo hili halina budi kuelezwa wazi. Katika Windows mtumiaji huupokea uso aliopewa na kampuni, akaridhika ama akanung'unika. Katika Linux uso huo, yaani mazingira ya eneokazi yenye madirisha, menyu na picha za faili, ni programu za kando. Huwekwa, huondolewa na hubadilishwa mithili ya mtu avuaye koti zito la Mbulu anaposhuka kwenda Magugu kwenye joto. Mtu ni yule yule. Barua, mitihani na orodha za wanafunzi hubaki mahali pake.

Ubuntu huja na uso uitwao GNOME. Ni wa kupendeza, lakini ni mlafi, na kompyuta yenye gigabaiti 2 tu za kumbukumbu hutweta chini yake. Mashine hiyo hiyo ikivikwa Xfce, kazi ya Mfaransa Olivier Fourdan iliyoanza mwaka 1996, ama LXQt, huweza kuandika barua na kupanga alama za darasa bila ya kumkera mwalimu. Mwaka 2011 wakuu wa Ubuntu waliwabadilishia watumiaji uso wakawapa Unity. Mwaka 2017 wakaurudisha GNOME. Waliochukizwa hawakulazimika kungoja miaka hiyo sita, kwani walijiwekea uso mwingine siku ile ile.

Kazi yenyewe ni fupi. Katika Ubuntu, amri ya sudo apt install xfce4 huleta uso huo bila ya kuugusa wa zamani. Kifurushi cha xubuntu-desktop huleta pia rundo la programu za ziada, na kwa anayenunua intaneti kwa vocha hilo si jambo dogo. Mtumiaji hutoka, na kabla ya kuandika neno la siri hubonyeza alama ya gurudumu lenye meno iliyo pembeni mwa kioo, akachagua uso anaoutaka. Kesho akighairi, atarudi kwa njia hiyo hiyo.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, pasiwe na taharuki. Ukirejea, amri ya sudo dpkg --configure -a huendeleza palipoachwa katika hali nyingi. Kinachostahili kuogopwa zaidi ni pupa ya kuondoa uso wa kwanza kabla wa pili haujathibitishwa. Aliyefanya hivyo huweza kuamkia kioo cheusi chenye maandishi matupu. Vilevile, kurundika nyuso nne katika mashine moja ni ulafi usio na maana, maana menyu hujaa vihariri na vikokotoo pacha.

Wapo watakaopinga kwa kusema kwamba baadhi ya programu za ofisi hufanya kazi katika Windows pekee. Hoja hiyo ni ya haki. Basi zichunguzwe programu hizo kwanza, mashine kwa mashine, badala ya kuifanya sababu ya kuzitupa zote. Kompyuta ya maktaba ya shule, isiyohitaji zaidi ya kivinjari na programu ya kuandikia, haina sababu ya kuadhibiwa kwa ajili ya ile ya mhasibu.

Limebaki suala la lugha. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyosema Kiswahili. Tafsiri za Kiswahili katika nyuso zilizotajwa hapa zingali na mapengo makubwa, na mlango wa kuyaziba uko wazi kwa yeyote. Walimu wa Kiswahili wa Babati hawahitaji kibali cha kampuni yoyote ili waanze na menyu ya Xfce.