Mbwa wa banda la kuku na usingizi wa jirani

Ufugaji wa kuku wa mayai katika viunga vya Dar es Salaam, kama Kimara, Mbezi na Kitunda, umekuja na ufugaji wa mbwa. Mwenye kuku 300 halali bila mlinzi, na mbwa ni nafuu kuliko mgambo. Lakini hesabu hiyo ni pungufu. Hasara ya kelele za usiku kucha haimo katika daftari la mwenye mbwa, bali hubebwa na jirani.

Mara nyingi jirani huyo ni mchuuzi anayedamka saa tisa usiku kuwahi ndizi Mabibo au samaki Feri. Asipolala, chenji humpotea mchana. Mfugaji naye hasalimiki, kwani kuku wakishtuka hurundikana pembeni, na wadogo hukosa hewa na kufa.

Wengi hawapendi kusikia kwamba mbwa anayebweka kila dakika halindi kitu. Siku mwizi akija, nani atainuka kuchungulia? Aghalabu kiini ni mnyororo. Mbwa aliyefungwa getini usiku na mchana, akitazama kila mpita njia, tena na njaa, atafanya nini kingine? Mchana akae kwenye banda lenye kivuli lisilotazama barabara. Jioni apewe chakula na maji, kisha aachiwe ndani ya uzio. Geti la nondo lizibwe kwa bati.

Wapo wanaochoshwa na malalamiko wakamtelekeza mbwa mtaani. Huko ni kubadilisha kelele kwa kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau asilimia 70 ya mbwa wachanjwe, na asiye na mwenyewe nani atampeleka? Wengine hutega nyama yenye sumu. Sumu haichagui mbwa, paka wala kuku, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili.

Anayesumbuliwa apige hodi mchana, si kutukana juu ya ukuta usiku wa manane. Aandike saa za kelele kwa wiki nzima, maana mwenye mbwa huenda hushinda kazini na hajui. Ikishindikana, aende kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Afisa mifugo wa kata aitwe mapema, kwani ndiye atakayeona kama mbwa ana minyoo au kidonda shingoni, na kueleza chanjo inapatikana wapi.