MWACHENI BINTI ASOME, MUOGOPENI ANAYETAJA MAJINA

Hivi wadau, tangu lini kufunga mlango, kuwasha mshumaa na kushika kitabu kumekuwa kesi Kahama?

Habari ya mjini ni dada mmoja, jina kapuni, ana saluni yake na wafuasi wa kutosha mtandaoni. Usiku wa mwezi mpevu alitupia picha: mshumaa mweupe, mawe matatu ya kung'aa, daftari, na riwaya imelazwa kifudifudi kwenye shuka. Chini akaandika kwamba anafuata Wicca, yuko peke yake, hana kundi. Anasali kidogo, akimaliza anasoma riwaya yake, analala. Basi, kumbe kachokoza nyuki.

Komenti zikamiminika. Frimasoni huyo. Ndiyo maana saluni haikauki wateja. Ndiyo maana haolewi. Mmoja akavuka mpaka kabisa, akaandika kwamba damu haipotei, bibi yake naye anaishi peke yake kijijini na macho ni mekundu. Hiyo ndiyo iliyopata vicheko vingi kuliko zote.

Dada kafuta picha yake. Lakini ile komenti ya bibi watu walishaipiga picha ya skrini, inazunguka kwenye magrupu mpaka leo. Na hapo ndipo utani ulipoishia, maana kwa mkoa wa Shinyanga maneno hayo ni panga.

MACHO MEKUNDU YANALETWA NA MOSHI

Kila aliyekulia Kanda ya Ziwa anamjua huyo bibi. Amepika miaka hamsini kwenye mafiga. Kuni zikiadimika anachoma mabua ya pamba au kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa. Jiko lenyewe dirisha ni kitundu. Hivi jicho litakosaje kuwa jekundu?

Kwa rangi hiyo hiyo ya jicho wazee wamekatwa mapanga usiku, Shinyanga, Mwanza, Tabora mpaka Geita. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kilitaja takriban watu 3,000 waliouawa nchini kwa tuhuma za uchawi kati ya 2005 na 2011, na wengi wao walikuwa wanawake wazee. Julai 2017 wilayani Nzega, majirani kabisa wa Kahama, wanawake watano waliuawa na kuchomwa moto.

Na stori huwa ni ile ile. Mjane anaishi peke yake, ana kashamba kake. Mtoto wa jirani anaumwa au ng'ombe wanakufa. Mtu anaenda kupigiwa ramli, anarudi na jina. Jina likishatajwa, kundi linakuja usiku. Asubuhi kila mtu hajui kitu, na baada ya muda shamba lina mwenyewe mpya.

Mpaka serikali ilifika mahali Januari 2015 ikatangaza kupiga marufuku waganga wapiga ramli. Sasa mtu ana simu janja na bando la usiku, anafanya kazi ya mpiga ramli bure, anamtaja bibi wa mwenzie ili apate vicheko. Huyo ndiye wa kuulizwa anafuata dini gani.

HALAFU WANAOTUKANA HAWAJUI WANATUKANA NINI

Wicca, kwa wale wanaodhani ni jogoo anawika, ni dini changa tu ya Uingereza. Aliyeitangaza ni Mzungu mmoja anaitwa Gerald Gardner, mtumishi mstaafu aliyefanya kazi za forodha huko Malaya. Wanaheshimu mungu wa kike na wa kiume, wanafuata mwezi na misimu, wana sikukuu 8 kwa mwaka, na kanuni yao kubwa ni kutomdhuru mtu. Uamini au usiamini, hilo ni lako. Lakini hakuna mahali panaposema mnyonye damu jirani.

Cheki utamu wa historia. Mwaka 1949 Gardner alikuwa na mambo anataka kuyasema, ila Uingereza bado ilikuwa na sheria ya uchawi ya mwaka 1735. Akafanyaje? Akaandika riwaya! Akayaficha mambo yake ndani ya hadithi ya kusoma kwa raha, jina la mwandishi akaweka la bandia. Sheria ikafutwa 1951, na mwaka 1954 ndipo akatoa kitabu cha wazi. Kwa hiyo ile riwaya kitandani kwa dada wa saluni haikuwa pambo la picha. Vitu hivyo viwili vimeanza safari pamoja.

Mwanzoni ilikuwa mambo ya kundi. Unaingizwa kwenye mduara, kawaida hawazidi watu 13, unapanda ngazi tatu, siri haitoki. Mwaka 1988 Mmarekani Scott Cunningham akatoa kitabu cha mtu anayetaka kufanya peke yake chumbani kwake, bila kuomba ruhusa kwa yeyote. Wenye makundi wengine walinuna, wakasema huwezi kujiingiza mwenyewe. Wa peke yao wakajibu kwamba mwezi hauna mlinzi getini. Ubishi huo unaendelea mpaka kesho.

Sasa rudi Bongo. Sheria ya Uchawi iliyoletwa na huyo huyo Mwingereza mwaka 1928 bado ipo. Kwao walishaifuta, huku waliiacha. Inamkamata anayejitangaza kuwa na nguvu za uchawi, na inampa mkuu wa wilaya uwezo wa kumhamisha anayetuhumiwa. Hapo dada wa saluni naye anastahili kuambiwa ukweli, yeye na mastaa wenzake wa Dar wanaojiita wachawi mtandaoni kwa ajili ya kiki. Huko Ulaya na Marekani neno lao siku hizi linauza mishumaa na fulana. Neno la Kiswahili bado linaua. Huwezi kulivaa kama hereni wakati bibi yako hana namna ya kulivua.

Na kingine, dada. Klipu za sekunde thelathini zinakudanganya. Desemba wao wanasherehekea usiku mrefu wa baridi, kumekufa kila kitu nje. Desemba Kahama mvua inapiga, watu wako shambani. Unasherehekea theluji ya nani? Kama ni kufuata ardhi na misimu, basi fuata ya hapa.

PEKE YAKO AU KUNDINI?

Hapa sasa ndipo anapoingia kaka mmoja, naye jina kapuni, gari zuri, wafuasi kibao. Picha ya dada ilipochafua hali ya hewa, kaka akajitokeza kama mwokozi. Eti peke yako nguvu zitakugeuka, njoo kwenye mduara wangu. Kiingilio laki na nusu. Mafunzo ya ndani ni bei nyingine. Ukileta mtu, unapunguziwa.

Kwa taarifa yenu, kwenye mila ya huyo huyo Gardner, kumtoza mtu pesa ili umuingize ni mwiko. Kwa hiyo kaka hana hata Wicca, ana upatu.

Na cha kushangaza, wale wale waliomwita dada frimasoni ndio waliojaa kwa kaka wakiuliza dawa ya mvuto wa biashara. Mtu anayesali peke yake bila kumuomba mtu hata mia ni mchawi. Mtu anayekusanya pesa na kutishia watu ni mtaalamu. Hiyo hesabu mmeipigia wapi?

Tena siyo kwamba Usukuma hapajui mambo haya. Kuna Bagika na Bagalu, makundi ya ngoma yanayoshindana baada ya mavuno, kila upande na dawa zake na mbwembwe zake. Kuna Bayeye na nyoka wao. Bujora pale Kisesa watu wanajaa kila mwaka kutazama. Hilo ni kundi, tena lina dawa, lakini liko uwanjani, jua linawaka, watoto wamekaa mbele, na anayeshindwa anazomewa anaenda nyumbani mzima. Na upande wa pili kuna mzee anayetoka alfajiri kuzungumza na masamva wa ukoo wake kwa sauti ya chini, bila ngoma wala kamera. Wazee walijua kuna la uwanjani na kuna la kimya, na mtu mmoja alikuwa na nafasi katika yote mawili. Mzee wa alfajiri jioni ulimkuta ngomani.

Kwa hiyo swali la peke yako au kundini lina jibu rahisi tu. Angalia kundi linafanya nini na majina ya watu. Sungusungu ilianzia huku huku Kahama na Nzega mwanzoni mwa miaka ya 1980, ikawabana wezi wa ng'ombe na majambazi, watu wakalala usingizi. Ni kundi lililosaidia. Lakini lilipoanza kushughulika na wachawi, wanawake wakafukuzwa kwenye makazi yao kwa maneno tu. Kundi zuri likianza kutaja majina, limeoza.

Na mauaji ya watu wenye ualbino je? Septemba 2009 ni hapa hapa Kahama ambapo Mahakama Kuu ilitoa hukumu ya kwanza, wanaume watatu wakahukumiwa kunyongwa kwa kumuua mtoto wa Bukombe. Biashara ile ya viungo, iliyoahidi utajiri kwa wachimbaji na wavuvi, haikuwa ya binti mmoja na kitabu chake. Ilitaka mganga, ilitaka wa kukata, na ilitaka mteja mwenye hela. Ni kazi ya kundi.

Tukija Buzwagi yenyewe ndiyo kabisa. Mgodi ulikuja, ukachimba, uzalishaji ukaisha 2021. Vijana waliokuwa na ajira wamerudi vijiweni, biashara zimepoa, na mtu aliyepoa mfukoni anatafuta wa kumlaumu. Basi akumbuke kwamba mkataba wa Buzwagi ulisainiwa hotelini London, Februari 2007, na wananchi walikuja kuusikia bungeni baadaye. Kwenye ile hoteli hapakuwa na bibi hata mmoja mwenye macho mekundu.

RIWAYA NAYO IMEWAKOSEA NINI?

Kuna waliosamehe mshumaa lakini wakaudhika na kitabu. Eti mtu mzima, siyo mwanafunzi, hana mtihani, anasoma riwaya usiku ili iweje?

Ili afurahi! Mbona mpira mnaangalia dakika tisini na hakuna anayewauliza mnafanyia mtihani gani? Wazazi wenu wamekesha na Musiba na Mtobwa. Walisoma Rosa Mistika ya Kezilahabi ya mwaka 1971 kwa kujificha kwa sababu ilipigwa marufuku mashuleni, na utamu ukazidi. Hadithi za Shigongo gazetini mtaa mzima ulikuwa unasubiri toleo. Mmoja ananunua, kijiwe kizima kinasoma. Mwingine hajui kusoma vizuri, anasomewa, na wote wanabishana nani atakufa wiki ijayo.

Hapo ndipo jibu la dada lilipo, kama analitafuta. Asome peke yake, kisha atoke akabishane na wenzie. Wateja wake pale saluni wanakaa saa nne wakisukwa, simu zinaisha chaji. Riwaya moja, msomaji mmoja kwa sauti, kichwa baada ya kichwa. Kundi la namna hiyo halina kiingilio wala siri, na ukichoka unaondoka bila kutishiwa kwamba nguvu zitakugeuka. Mambo yake ya mwezi abaki nayo chumbani, ni yake na Mungu wake au mungu wake wa kike, mtu yasimuume.

Mtu aliyewahi kukaa siku tatu ndani ya hadithi ya mjane, akala naye, akalia naye, hawezi kirahisi kumcheka bibi wa mwenzie kwa sababu ya jicho. Wasiosoma chochote kirefu kuliko komenti ndio wepesi wa kutaja majina.

Kwa hiyo wewe uliyeandika ile komenti, ifute. Ma-admini wa magrupu, hiyo picha iondoeni leo, msisubiri yatokee ndipo mbadilishe picha za wasifu na kuweka mishumaa ya rambirambi. Kaka wa mduara, rudisha laki na nusu za watu. Na dada, acha kwanza mwezi. Panda gari, nenda kijijini kwa bibi, kaa naye siku mbili hadharani ili majirani waone ana mtu, mpelekee jiko la gesi lisilotoa moshi, na ukirudi nenda kwa mtendaji wa kijiji ukaeleze kinachoandikwa.

Bibi hana simu janja. Hajui kama alitajwa. Lakini wanaoishi karibu naye wanazo.

Wadau, dondosheni maoni hapo chini, ila komenti yoyote yenye jina la mtu na neno mchawi itaondolewa hapo hapo.