Ujira wa Mgeni Aliyevuna Shamba Lako



Wapendwa katika Kristo, sisi wa Dodoma hatuhitaji maelezo mengi ili kuuelewa mfano wa wafanyakazi katika shamba la mizabibu (Mt 20:1-16). Zabibu zetu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na zikiiva hazisubiri. Mwenye shamba hutafuta mikono popote inapopatikana. Lakini katika mfano ule ipo sehemu tunayoipita haraka: jioni ilipoingia, mwenye shamba alimwagiza msimamizi wake awalipe wote. Kazi ya siku haikuhesabiwa kuwa imekwisha kabla ya ujira kutolewa.

Juma hili tuwatafakari vibarua wanaotoka nje ya nchi. Baadhi yenu mliohamia Ipagala kutoka Kigoma bado mna mashamba huko Kasulu, Kibondo, Kakonko au Buhigwe. Mnajua kwamba kila msimu Warundi huvuka mpaka kutafuta kibarua katika mashamba ya mahindi, maharage na mihogo. Wengi hawana kibali. Hapo ndipo dhambi inapopata mlango: siku ya malipo ikifika, wako waajiri wanaotishia kuwaita maofisa wa Uhamiaji, na kibarua hukimbia mikono mitupu. Aliyekuwa "ndugu yetu" wakati wa palizi hugeuka "mhamiaji haramu" wakati wa malipo.

Tuliite jambo hili kwa jina lake: ni wizi. Tena si wizi mdogo. Katekisimu (1867) inataja dhambi zinazomlilia Mungu mbinguni, na miongoni mwake kimo kilio cha mgeni na imo dhuluma kwa mfanyakazi wa ujira. Anayemdhulumu kibarua wa kigeni huzitenda zote mbili kwa tendo moja. Nayo Torati (Kum 24:14-15) ilikwisha kuziba kila mwanya: amri ya kumlipa fukara ujira wake kabla ya jua kuchwa inamhusu ndugu na mgeni sawasawa.

Hatupaswi kusahau tulikotoka. Enzi za ukoloni, mashamba ya mkonge ya Tanga yaliwategemea manamba kutoka mbali: Waha wa Kigoma, na pamoja nao wageni kutoka Ruanda-Urundi na Msumbiji. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda SILABU, ofisi ya kuwakusanya na kuwasafirisha. Neno lenyewe "manamba" latokana na namba. Mtu alihesabiwa kabla ya kuitwa kwa jina lake. Leo mjukuu wa manamba ndiye mwenye shamba. Mungu aliwakumbusha Waisraeli kwamba nao walikuwa watumwa Misri, ili wasimtende mgeni kama walivyotendwa wao.

Atauliza mtu: "Baba Paroko, na sheria je?" Swali hilo ni halali. Kanisa linafundisha kwamba Serikali yaweza kuweka masharti ya uhamiaji, na mgeni anawajibika kuyaheshimu (Katekisimu 2241). Sheria ya ajira za wageni ya mwaka 2015 inadai kibali cha kazi. Basi, anayemwajiri mgeni asiye na kibali amevunja sheria yeye mwenyewe. Hawezi kuigeuza sheria hiyohiyo kuwa njia ya kufuta deni lake.

Wengine hulalamika kwamba wageni wanachukua kazi za vijana wetu. Mara nyingi huitwa kwa sababu hulipwa kidogo na hawana pa kushtaki. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, alifundisha kwamba mfanyakazi mgeni, hata wa msimu, asiwekwe chini ya wenyeji katika haki za kazi. Fundisho hili linamlinda na mwenyeji pia: ujira ukiwa sawa, hakuna faida ya kumtafuta mnyonge.

Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, lililoanza Julai 2010, limewafungulia mlango wenye taaluma kuliko wenye jembe. Kwa maoni yangu, ingefaa pawepo kibali cha msimu, cha muda mfupi na cha gharama nafuu, kitolewacho mpakani. Lakini kisimfunge kibarua kwa mwajiri mmoja. Kanada imekuwa na mpango wa wavunaji wa msimu tangu mwaka 1966, ulioanza na watu wa Jamaika. Kwa kawaida kibali humfunga mtu kwa mwajiri wake, na anayeogopa kurudishwa kwao huinyamazia dhuluma.

Wakati tukisubiri sheria bora, dhamiri zetu hazina likizo. Patana ujira mbele ya shahidi. Lipa kwa wakati. Na kama unadaiwa na kibarua wa msimu uliopita, mtafute kwa njia uliyomtafutia alipohitajika shambani. Gunia lililovunwa kwa jasho lisilolipwa tusililete altareni kuwa shukrani ya mavuno. Mungu amekwisha kusikia kilio cha aliyelivuna.