Tangawizi Haitoi Vumbi Kifuani

Kikohozi kikavu kikimbana mchimbaji wa Maganzo, zahanati ni nadra kuwa kimbilio la kwanza. Kwanza huja tangawizi iliyopondwa na kuchemshwa na kivumbasi, kijiko cha asali, pilipili manga kidogo. Usiku, manjano kwenye maziwa ya moto. Tiba ya bibi hiyo. Waganga wa Ayurveda kule India wanatumia viungo hivyo hivyo tangu kale, na tulsi wanayoienzi ni ya ukoo mmoja na kivumbasi chetu.

Si porojo. Mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani liliitaja asali miongoni mwa vitu vya kutuliza kikohozi cha watoto, ingawa mtoto ambaye hajatimiza mwaka hapaswi kulambishwa kabisa. Bromhexine inayouzwa madukani chimbuko lake ni adhatoda, mmea wa Ayurveda. Anayewacheka wauza mizizi huenda naye ameinywa, ila yake ilikuwa na lebo.

Tatizo ni vumbi.

Vijana wa Maganzo hawaishii kwenye almasi ya jirani na mgodi wa Mwadui. Dhahabu ikichanganya Kahama au Geita, wanahamia huko. Kwenye makarasha mawe husagwa makavu, unga ukatanda kwenye kope na nywele. Huo unaoonekana una nafuu. Chembe za silika zisizoonekana ndizo zinazoshuka hadi ndani ya mapafu na kuacha makovu, na kitambaa kilichofungwa puani hakizizuii. Ugonjwa huo, silikosisi, hauponi kwa dawa yoyote, ya hospitali wala ya porini, na humweka mtu karibu zaidi na kifua kikuu. Vyote viwili huweza kuanza kwa kikohozi ambacho tangawizi hukituliza kwa siku chache tu.

Kuwafukuza waganga ni kupoteza muda. Mwaka 2011 maelfu walifunga safari hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya Mchungaji Ambilikile Masapila. Neno la mganga husikilizwa kuliko bango la zahanati. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002 inawatambua. Basi Baraza lake liwape sharti moja: mteja aliyekohoa wiki mbili asiuziwe chupa ya pili kabla hajapimwa, na aulizwe kama amefanya kazi kwenye karasha.

Kipimo cha kifua kikuu hutolewa bure katika vituo vya Serikali, na dawa zake, ambazo kwa kawaida ni za miezi sita, ni bure pia.