Kodi Inayosamehewa Ina Mwenyewe

Katika miji mingi duniani limeenea wazo kwamba njia ya mkato ya kuwapatia wananchi kazi ni kuwasamehe kodi wenye makampuni. Wazo hilo lina mvuto mkubwa kwa viongozi, kwa kuwa msamaha hauandikiwi hundi, wala hauonekani katika makisio ya matumizi. Lakini kodi iliyosamehewa ni fedha ya umma iliyokwisha kutumika. Darasa ambalo lingejengwa kwa fedha hiyo halitajengwa, na dawa ambazo zingenunuliwa hazitanunuliwa. Kwa hiyo jambo la kuuliza ni hili: anasamehewa nani, kwa kazi zipi, na kwa muda gani?

Mji wa Kansas City nchini Marekani unatoa funzo la kutosha. Mji huo umekatwa na mpaka wa majimbo mawili, Missouri na Kansas, na mahali pengine mpaka wenyewe ni barabara tu. Kwa miaka mingi kila upande ulitumia misamaha ya kodi kuyavuta makampuni ya upande wa pili. Mwaka 2011 makao makuu ya migahawa ya Applebee's yalivuka kutoka Kansas kwenda Missouri. Mwaka huo huo kampuni ya sinema ya AMC ilitangaza kuhama kutoka Missouri kwenda Leawood, upande wa Kansas. Ofisi zilivuka mpaka na takwimu za ajira zikapanda upande mmoja, lakini kwa mji mzima hapakuwa na kazi mpya iliyozaliwa kwa kuvuka huko. Ilipofika mwaka 2015 Applebee's iliondoka tena, safari hii kwenda California.

Jambo la kuzingatia ni kwamba waliopiga kelele walikuwa wenye biashara wenyewe. Mwaka 2011 viongozi 17 wa makampuni ya eneo hilo waliwaandikia magavana barua ya wazi wakitaka mashindano hayo yakome. Mwaka 2019 Missouri ilitunga sheria ya kuyazuia, na Gavana Laura Kelly wa Kansas akatoa amri ya kuiunga mkono. Hata hivyo ugonjwa haukupona. Mwaka 2024 Kansas ilipitisha sheria ya kuzivuta timu za michezo za upande wa pili kwa kuzigharimia viwanja, na mwaka 2025 Missouri ikajibu kwa sheria yake.

Mtaalamu wa uchumi Timothy Bartik, katika uchunguzi wake wa mwaka 2018, alikadiria kwamba misamaha ya namna hiyo hubadili uamuzi wa makampuni kati ya 2 na 25 tu katika kila 100 yanayoipata. Mengine yote yangefanya vile vile hata bila msamaha. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya fedha hutolewa kumshawishi mtu aliyekwisha kuamua.

Hapa Tanzania jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu halmashauri za miji hazina vyanzo vingi vya mapato. Mwaka 2016 ukusanyaji wa kodi ya majengo ulihamishiwa Mamlaka ya Mapato. Sheria ya kuanzisha maeneo ya uzalishaji kwa mauzo ya nje, ya mwaka 2002, nayo iliwapa wawekezaji wa maeneo hayo msamaha wa miaka 10 wa kodi na ushuru wa serikali za mitaa. Msamaha ulitoka katika ngazi ya taifa, lakini pengo lilibaki katika vitabu vya halmashauri.

Tena sheria iliyorekebishwa mwaka 2018 inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Hesabu yake haihitaji mtaalamu. Kila shilingi 100 za mapato hayo anazosamehewa mwekezaji mkubwa hupunguza shilingi 10 katika mfuko wa kijana anayetafuta cherehani au mashine ya kuranda mbao. Mji unaweza kutangaza kwamba unahimiza biashara, kumbe unainyima mtaji biashara ya mwenyeji.

Wakati huo huo mwenyeji anayepanuka huadhibiwa. Ushuru wa huduma hutozwa kwa mauzo, si kwa faida. Kwa kiwango kilichotumika kwa miaka mingi cha asilimia 0.3, karakana ya samani ya Keko iliyouza bidhaa za shilingi milioni 100 ilidaiwa shilingi 300,000, hata kama mwaka huo faida yote ilikwenda kununua mashine na kulipa mafundi wapya.

Kama msamaha ni lazima, basi na uanzie hapo, kwa kadiri sheria inavyoruhusu. Karakana iliyokuwa na mafundi 8 ikafikisha 12 isamehewe ushuru wa yale mauzo yaliyoongezeka tu, kwa miaka 3. Ushahidi uwe orodha ya michango ya wafanyakazi katika NSSF, maana ahadi ya mdomo haimlishi mtu. Mafundi wakiachishwa kazi, msamaha ukome na kilichosamehewa kirudishwe. Majina ya waliosamehewa na kiasi chao yajadiliwe katika Baraza la Madiwani na kubandikwa mahali pa wazi. Na pale ambapo ushuru ni mdogo kiasi kwamba kuusamehe hakuwezi kuajiri hata mtu mmoja, heri ukusanywe, utengeneze barabara inayoingia kwenye karakana hizo.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawakumfukuza mgeni, walimwekea muda. Mweka Hazina na Afisa Biashara wanaopokea maombi ya msamaha hawana budi kukumbuka kwamba upande wa pili wa meza kuna mwombaji mwingine ambaye hakualikwa kikaoni: mtoto anayesoma akiwa amekaa sakafuni. Kodi hiyo ni yake, na asipewe mtu mwingine bila maelezo.